Maji Mpaka Shingoni

Kambini, Iten
Jumamosi, 8 Februari 2025

Shikamoo shangazi Nyamvula,

Ni mimi Mapenzi. Nimefika salama, na natumai nyote huko Mtopanga hamjambo. Msalimie sana Mwanasaumu hapo jirani, mwambie bajia zake nilizimaliza kabla basi halijafika Voi, na abiria wa kando yangu alikuwa akinitazama kwa jicho baya. Mwambie pia huku hakuna nazi. Mboga yapikwa kwa maziwa ya ng'ombe, na samaki nimemwona mara moja, mkavu, hana hata harufu ya bahari.

Najua utashangaa, mtu wa siku hizi kuandika barua. Kocha Clifford alizikusanya simu zetu siku ile ile tuliyofika, akazifungia kabatini mpaka kambi ivunjwe. Mwenye dharura hupigiwa kwa simu yake yeye, naye huiweka sauti ya juu tukasikia sote. Kwa hiyo tafadhali, shangazi, usipige. Wajua alivyosema siku ya kunichagua, kwamba hataki msichana mwenye mtoto mchanga, kwa sababu moyo wake utabaki nyumbani na miguu itaufuata. Nikamwambia sina mtoto. Nawe ulikuwa umesimama pale pale, ukatazama juu kama mtu anayetafuta mvua.

Barua nampa Rispa, mpishi wetu. Akishuka Eldoret sokoni ataitia kwenye basi la Mombasa, na Hashim wa ofisi ya mizigo atakupigia uifuate. Nawe ukiniandikia, juu ya bahasha weka jina la Rispa, si langu.

Mazoezi ni magumu lakini sijashindwa. Kuna jambo moja utalisikia ukatoa macho. Nyuma ya jiko wana tangi la plastiki, lile la maji ya mvua, wamelikata nusu wakalizika ardhini. Maji huja kwa mpira kutoka kijitoni, yakalala nje usiku kucha. Tukimaliza mbio ndefu kocha hupiga filimbi, twaingia mle, na hatutoki mpaka apige tena. Asema baridi hushusha uvimbe wa misuli, ukiamka kesho miguu ni mipya. Wenzangu huingia mpaka kiunoni, na hapo wanapiga kelele. Mimi naingia mpaka shingoni. Kocha amenisifu mbele ya wote, ati tazameni mtoto wa pwani anavyowashinda nyinyi mliozaliwa kwenye baridi.

Usinitukane, shangazi. Najua wewe ni mkandaji, maisha yako yote ni maji ya moto na majani ya mwarobaini, na hakuna mzazi Mtopanga nzima aliyejifungua asipite mikononi mwako. Lakini miguu yapona kweli.

Sasa nambie habari za Munga. Yuala nini? Alala? Yuanitafuta? Nambie kila kitu, hata cha kipuuzi.

Mimi mwili wangu hauna neno.

Mwanao,
Mapenzi


Mtopanga
Jumapili, 23 Februari 2025

Kwako mwanangu Mapenzi,

Marahaba, na marahaba tena, maana ya kwanza niliisema peke yangu pale ofisini kwa Hashim nikisoma, akadhani nazungumza naye.

Sisi wazima. Joto limekaza, kisima kimepungua na maji yake yamezidi chumvi, chai haina ladha. Kanisani wamebadilisha saa ya ibada, sasa twatoka jua likiwa utosini. Mwanasaumu yuasema bajia zilikuwa za njia nzima, si za mpaka Voi, ulafi umeurithi kwa babako. Yule wa Changamwe, babake Munga, hajaonekana, na asionekane. Mkono wangu wa kuandika ni wa darasa la saba, kwa hiyo usinicheke.

Sasa niache nikutukane kidogo, halafu tutazungumza. Tangi! Mapenzi, wewe una akili? Umejifungua mwezi wa kumi. Arobaini yenyewe hukuimaliza vizuri, ulikuwa waruka sufuria ukakimbie barabarani. Mwili wa mzazi ni chungu kilichotoka motoni jana. Kitie maji baridi uone. Hicho kiuno kitakuja kukudai ukiwa mzee, na mimi sitakuwepo nikukande. Wanaume wa huko nawajua wapi mimi, lakini huyo kocha wako hajawahi kuzaa, kwa hiyo sishangai.

Ingia basi kama lazima uingie, lakini mwisho magotini. Kifua usikitie. Kifua si miguu.

Munga mzima. Ile chupa ameikataa. Ukimtia mdomoni yuaifinya kwa fizi na kukutazama, kama akuambia, nyanya, hiki ni nini? Kwa hiyo nampa kwa kijiko, polepole, na yuameza. Ameanza kucheka. Hucheka zaidi akiona kuku. Usiku alala nami, mkono wake kaniwekea shingoni.

Usiwe na wasiwasi. Kimbia.

Shangazi yako,
Nyamvula


Kambini, Iten
Jumapili, 9 Machi 2025

Shikamoo shangazi,

Barua yako niliisoma jikoni, nyuma ya gunia la makaa, nikacheka mpaka Rispa akaniuliza kuna nini. Hapo kwenye kuku nilirudia mara nyingi. Mwambie Mwanasaumu ulafi si wa babangu, ni wa bajia.

Hapa mvua zimekaribia, asubuhi ukungu unaficha barabara na twakimbia tukisikilizana viatu. Mercyline, msichana ninayelala naye chumba kimoja, anatoka Kakamega, ni mtu mzuri lakini huzungumza akilala. Muda wangu umeshuka. Kocha asema mwezi wa tano kuna mbio za kuchagua watakaopelekwa Ulaya, na jina langu limo miongoni mwa anaowatazamia. Sikuamini. Yale tuliyokuwa twayasema mimi nawe tukichambua mchele, kwamba ipo siku, sasa yanasemwa na mtu mwingine kwa sauti.

Rispa ana mtoto, wa kike, rika la Munga. Humbeba mgongoni akipika. Yule mtoto akilia mimi hutoka jikoni, shangazi, natoka haraka hata kama nina njaa. Juzi sikuwahi. Jezi ililowa mbele ya wenzangu na nikasema ni jasho, na kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Mercyline alicheka tu. Rispa hakucheka. Alinitazama, akaendelea kukata sukuma wiki.

Ulisema magotini. Nimekusikia. Lakini nikitoka mle tangini huwa nimepata nafuu ambayo siipati kwingine kokote, na si ya miguu peke yake. Tuache hilo.

Yuaendelea na kijiko? Maziwa ya kopo hayamsumbui tumbo? Nakumbuka mtoto wa jirani yalimsumbua.

Mwanao,
Mapenzi


Mtopanga
Ijumaa, 21 Machi 2025

Mapenzi mwanangu,

Marahaba. Salamu za huku ni nzuri, Mwanasaumu hajambo, kuku wote wapo.

Nimeandika hayo kwa sababu barua haiwezi kuanza bila salamu. Sasa sikiliza.

Munga si mzima. Ulipouliza tumbo nilijua umeota. Maziwa ya kopo yalianza kumkataa tangu mwisho wa mwezi wa pili, nikakuficha. Yuatapika, yuaharisha. Nimechemsha maji mpaka nimemaliza makaa, nimebadilisha kopo, nimemjaribu na maziwa ya mbuzi, nayo ni hivyo hivyo. Nimempeleka kliniki, wakanipa dawa ya maji ya kuongeza nguvu, wakaniambia endelea na kijiko, mrudishe kila baada ya siku chache tumpime. Nesi akaniuliza, mama yake yuko wapi? Nikasema yuko kazini. Akaniuliza, kazi gani isiyorudi jioni? Nikamfunga mgongoni nikatoka.

Amepungua. Ile mikunjo ya mapaja uliyokuwa ukiibusu haipo. Na haachi kutafuta. Ukimpakata tu yuageuza uso, yuapapasa kifuani kwa mdomo, apate nguo, alie. Siku hizi kilio chenyewe kimekuwa chembamba.

Sikwambii urudi. Ukitoka sasa huyo kocha hatakurudisha, na tutakuwa na mtoto mgonjwa na mama asiye na kitu mkononi, sote watatu chini ya bati hili. Nimewaza sana, nikitembea, nikikanda wazazi wa watu. Nakuomba jambo moja tu, na hili wewe walijua kwa sababu ndiyo kazi yangu: maziwa yako usiyakatishe. Asubuhi na jioni chukua maji ya moto, ya moto kweli, si vuguvugu, chovya kitambaa, jikande kuanzia kwapani kuja mbele, halafu uyakamue yote. Yamwage tu, hata kama roho yauma. Ukiyakamua, mwili utajua bado yatakiwa. Pasaka omba ruhusa, sema shangazi yako mgonjwa, sema nimekufa ukitaka. Uje umnyonyeshe, hata siku chache, apate nguvu za kuvumilia kijiko.

Na hilo tangi liache. Baridi hufunga maziwa. Nakuomba.

Shangazi yako


Kambini, Iten
Jumapili, 13 Aprili 2025

Shikamoo shangazi,

Hujambo? Natumai hujambo na kazi yaendelea. Huku mvua imenyesha siku baada ya siku, barabara ya sokoni ilikatika, lori la viazi likalala katikati, na Rispa hakushuka Eldoret mpaka juzi. Ndiyo maana barua yako ya mwezi uliopita nimeipata juzi. Mercyline ana mafua. Kocha amenunua viatu vipya vya mbio, ametupa kila mtu jozi yake, vyangu vyabana kidogo kidoleni lakini vitanyooka. Mahindi ya jirani yamechipua vizuri.

Nimeomba ruhusa ya Pasaka. Nilisema shangazi yangu yuaumwa. Kocha akatoa simu mfukoni akasema, haya, tumpigie tumpe pole. Nikasema ameshapata nafuu.

Kuhusu lile jambo uliloniomba, nimesikia. Najaribu.

Shangazi, nakuuliza na unijibu kweli, usinifiche kwa sababu ya mbio wala kwa sababu ya chochote. Barua yako ina wiki tatu. Yupo?

Mapenzi


Mtopanga
Jumapili, 27 Aprili 2025

Mapenzi,

Yupo. Nimeanza na hilo, salamu zitakuja nyuma.

Yupo na amerudi. Kuharisha kumekoma. Amejaa mashavu, wiki iliyopita nilimpeleka kliniki yule nesi akamgeuza geuza akaniuliza nimempa nini, nikamwambia nimempa muda. Akiwekwa mkekani yuajisukuma kwenda kwa kuku, na kuku wanamkimbia. Sauti yake imerudi, na sasa ni nene.

Marahaba, haya. Mwanasaumu akusalimia. Siku hizi yuko hapa kila saa, ananiletea supu ya pweza, asema nimekonda. Pasaka tulikula wali na maharagwe. Mimi kwa sasa sitoki kwenda kukanda watu. Wamekuja kuniita mpaka wamechoka, juzi wamemchukua mwanamke mwingine kutoka Mishomoroni, na mikono yake ni ya mbao, lakini shauri lao.

Usiniulize Munga yuala nini. Yuala. Hilo lakutosha.

Na wewe hujanijibu vizuri. "Najaribu" ni jibu gani? Maziwa yapo au hayapo? Hilo tangi bado waingia?

Nyamvula


Kambini, Iten
Jumapili, 11 Mei 2025

Shikamoo shangazi,

Niliposoma lile neno la kwanza nilikaa chini pale pale uani kwenye tope. Rispa alinyanyua bahasha, akanifuta uso kwa aproni yake bila kuniuliza. Natumai bado ni hivyo, bado yuaongezeka, na wewe pia. Msalimie Mwanasaumu.

Jana tulikimbia zile mbio za mchujo. Nimekuwa wa pili. Nimechaguliwa, twaondoka mwezi wa sita kwenda Ujerumani, na kabla ya hapo kila mmoja atapewa siku mbili aende kwao kuaga. Kocha alinibeba mabegani. Aliwaambia wenzangu siri ya Mapenzi ni tangi, kwamba hakuna aliyelipenda tangi kama mimi.

Shangazi, maziwa hayapo. Yalikwisha kabla barua yako haijafika. Ulipokuwa ukiandika usiyakatishe, mimi nilikuwa nimeshayakatisha.

Nilipofika huku kifua kiliwaka moto. Kilikuwa kigumu, sikuweza kulala kwa tumbo wala kwa ubavu, sikuweza kukimbia mteremko. Nilijifunga leso chini ya jezi, nikaifunga tena juu yake, na bado ilikuwa ikilowa. Siku ya kwanza nilipotumbukia mle tangini nikaenda mpaka shingoni, maumivu yalinyamaza. Yalinyamaza kabisa. Nilitaka kulia kwa raha. Hapo ndipo nilipojua dawa yangu. Kila filimbi ilipopigwa mimi nilikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka, si kwa ushujaa, ilikuwa nayazima. Na yalizimika. Yalipungua kila wiki, nami nikashukuru Mungu kwa hilo, shangazi, nilimshukuru kwa maombi, nikiwa nimepiga magoti, wakati Munga yuatapika kopo.

Barua yako ilipofika nilifanya yote uliyosema. Asubuhi Rispa alinipa maji ya moto, nikajikanda kuanzia kwapani kuja mbele, nikakamua. Palitoka tone, kesho yake halikutoka. Nikaendelea. Na jioni kocha alipiga filimbi nikaingia tangini, kwa sababu nisingeingia angeniuliza kwa nini, mimi niliyelipenda kuliko wote. Asubuhi moto, jioni baridi. Nilikaa hivyo mpaka ngozi ikachubuka, na haikusaidia kitu. Nilijua haitasaidia. Sikujua la kufanya lingine.

Nitakuja. Lakini nitakuja mikono mitupu, na nimeona bora ujue kabla hujanifungulia mlango.

Mapenzi


Mtopanga
Jumapili, 25 Mei 2025

Mwanangu Mapenzi,

Marahaba. Hongera, kwanza hongera, babako angepiga vigelegele na wanaume hawapigi. Mwanasaumu amepiga kwa niaba yake, mtaa mzima ukadhani tuna arusi.

Barua yako nimeisoma mara moja. Mara ya pili sikuweza. Usijipige kifua, hicho kifua kishapigwa vya kutosha. Ungefanya nini? Mtu akiungua hukimbilia maji, hakai kuuliza maji ya nani.

Sasa na mimi nina langu, nililokuficha mwezi wa nne.

Mwezi wa tatu, siku chache baada ya kukuandikia, Munga hakuwa na nguvu hata ya kulia. Nilikuwa nimempakata nje ya jiko, yuapapasa kifuani kwangu kama kawaida yake, yuatafuta. Nikasema moyoni, huyu yuaenda, basi aende na kitu mdomoni. Nikampa. Kavu. Akavuta kwa nguvu ambazo sikujua amezitoa wapi, akalala. Mwanasaumu akanikuta hivyo. Akacheka kwanza, si wamjua, halafu akarudi kwake. Alipokuja tena alikuwa na sufuria ya supu ya pweza. Akaniambia, "Nyamvula, ni wanawake wangapi mtaa huu umewatoa maziwa kwa mikono yako? Hebu jikande na wewe."

Nikajikanda. Maji yale yale, majani yale yale niliyowafanyia wake wa watu. Mgongo haufikiki, mgongo alinikanda yeye. Munga akawa avuta kavu, nami namtilia matone ya kopo pembeni ya mdomo kwa kijiko ili asichoke kuvuta. Nilijiona mwehu. Mwanamke mwenye mvi, wa mwisho niliyemnyonyesha ni Karisa wangu, naye angekuwa rika lako kama angeishi. Mwanasaumu ndiye aliyekuwa aniambia, vumilia, wallahi yatakuja. Siku moja nikaona kanga imelowa. Nikadhani ni maji ya karai. Nikaibadilisha, ikalowa tena.

Kidogo, Mapenzi. Mwanzo yalikuwa kidogo ya kumdanganya tu. Halafu yakaja. Ndiyo maana sitoki kwenda kazini. Ndiyo maana ya pweza, supu yake huleta maziwa. Na mtaani wanasema yao, nawaacha waseme.

Sikukwambia kwa sababu nilikuwa na furaha. Hilo ndilo lililonifunga mkono. Niliona haya. Nilipokuandikia mwezi wa nne nikikuuliza maziwa yapo au hayapo, kulikuwa na kitu kidogo ndani yangu kilichotaka useme hayapo. Umesema, na sasa nimelala siku mbili siwezi kula.

Mwanasaumu asema kwao Waislamu aliyemnyonyesha mtoto ni mamake, hakuna mjadala. Nikamwambia sisi ni Wakristo, hatuna sheria hiyo. Akaniambia, "Mtoto hajui dini."

Njoo. Njoo haraka, umshike, akunuse, pengine atakumbuka. Watoto hukumbuka harufu. Nitakaa mbali, nitaenda hata kwa Mwanasaumu nijifungie, nikuache naye. Njoo mwanangu.

Shangazi yako,
Nyamvula


Kambini, Iten
Jumapili, 15 Juni 2025

Shikamoo shangazi,

Nimefika salama. Vitumbua vimefika pia, safari hii nilimpa na abiria wa kando. Rispa ashukuru kwa leso. Pale stendi sikuweza kukwambia kitu, nilijifanya natafuta kiti changu, ndiyo maana naandika.

Asante kwa kumuogesha Munga na kumvika ile fulana ya manjano. Asante kwa kwenda kwa Mwanasaumu kama ulivyoahidi, ingawa nilikuona ukichungulia. Alinitazama vile watoto wanavyomtazama nesi. Hakulia mara moja, alinivumilia kwanza. Nilimwimbia, nikampeleka kwa kuku. Halafu sijui nilitaka nini, nilijua hakuna kitu, nikafungua kifua nikampa. Alionja, akaachia. Akanitazama. Hapo ndipo alipolia, akatupa mikono kuelekea mlangoni mpaka ukaja mbio. Nawe ukamshika huku wamgeuza uso kwangu, ukimwambia, "Huyu ndiye mamako, Munga. Huyu." Yeye yuatafuta kanga yako. Nikakwambia mwache anyonye.

Sikukasirika. Nilitoka nikakaa kwa Mwanasaumu, akanipa chai na bajia.

Jioni ile ulinikanda. Ulisema arobaini yangu ilikatika njiani, tuimalize. Uliyachemsha maji kama unapika nyama, ukanikanda mgongo, kiuno, miguu, ukawa wasubiri nilie, kwa sababu umeniambia tangu utotoni kwamba wazazi wote hulia mikononi mwako na hapo ndipo wanapopona. Nilitaka sana kulia, kwa ajili yako. Nilisikia moto kwenye ngozi, ndani haukufika. Usidhani ni mikono yako.

Ukaniambia nimchukue, nibaki, uache maziwa yako yakauke, atazoea kwa nguvu. Nimelifikiria njia nzima. Nikibaki atakuwa na mama asiye na maziwa na nyanya anayejifunga kifua kwa leso. Maumivu hayo nayajua, sikutakii. Nikiondoka ana wewe. Sioni njia ya tatu, nimeitafuta. Alishaachishwa ziwa mara moja, kwa ajili yangu. Sitaki aachishwe mara ya pili.

Akianza kusema, usimwonyeshe picha yangu ukimfundisha kuniita mama. Mwache akuite wewe. Mimi nikija nitaitika dada.

Twasafiri wiki ijayo. Jana jioni tuliingia tangini, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka ukingoni. Mercyline alisimama maji kiunoni, meno yanagongana, akaniuliza mbona mimi huingia mpaka shingoni, kwani shingo nayo hukimbia? Nikamwambia nimezoea.

Mwanao,
Mapenzi